Mjue Jogoo Kabla Hajawika



Mara hii tuzungumze juu ya swali ambalo limeulizwa katika mikutano mingi, kuanzia Lodwar mpaka Kakuma: jogoo mchanga huanza kuwika lini, na mtu atamjuaje kabla hajawika? Huenda mwingine akacheka na kusema, "Hilo nalo ni somo?" Ngojeni kwanza niwasimulie.

KISA CHA KUKU 20

Kikundi kimoja cha akina mama si mbali na Lodwar kilisuka na kuuza vikapu vya mikoma kwa muda mrefu, shilingi juu ya shilingi, mpaka wakapata pesa za kununua kuku 20 wa kienyeji. Shabaha yao ilikuwa mayai. Mweka hazina na mama mwingine walitumwa sokoni. Wakanunua kuku wa umri wa miezi miwili hivi, wakaambiwa wote ni majike. Siku kuku walipofika kulikuwa na vigelegele. Mimi mwenyewe nilipita hapo, nikawatazama, nikasema, "Hawa ni wazuri kabisa."

Baada ya kama mwezi mmoja, asubuhi moja kuku mmoja alipanda juu ya jiwe akatoa sauti ya ajabu, kama mlango wenye kutu. Watu wakacheka. Wiki iliyofuata wakawa watatu. Walipofika umri wa miezi mitano, hesabu ilikuwa majogoo 12 na majike 8.

Hapo kicheko kikaisha na maneno yakaanza. Eti mweka hazina alinunua majogoo kwa bei ya chini, akatia tofauti mfukoni. Mama yule alilia mbele ya kikao. Wanachama wawili walitaka warudishiwe pesa zao watoke. Nilipoitwa kusuluhisha, ilinibidi niseme ukweli: hata mimi niliwaona wale kuku siku ya kwanza, na sikutambua kitu. Mama hakuiba. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua mahali pa kutazama.

Basi somo hili si la kuku tu. Ni la pesa ya kikundi na kuaminiana.

KWA NINI KUKU ANATUPA SHIDA

Mturkana hahitaji kufundishwa kutambua dume la mbuzi au la ngamia. Mnyama akizaliwa leo, mtoto mdogo atakuambia ni dume au jike. Wazee huamua mapema beberu yupi atabaki kupanda na wengine wahasiwe. Lakini kuku ameumbwa tofauti. Viungo vya uzazi vya jogoo viko ndani ya tumbo, karibu na mgongo. Nje hakuna kitu cha kuonekana. Kifaranga wa siku moja, akiwa dume au jike, ni yule yule kwa macho yetu.

Wajapani ndio waliotangulia, katika miaka ya 1920, kufundisha watu kutambua kifaranga wa siku moja kwa kumfungua kidogo sehemu ya haja na kutazama alama ndogo sana ndani. Kazi hiyo inataka mafunzo marefu. Usijaribu nyumbani, maana ukimbinya kifaranga vibaya utamuumiza au utamuua. Kuna pia mbegu za kisasa ambazo hutambuliwa siku ya kwanza kwa manyoya ya bawa au kwa rangi, lakini hizo zilipandishwa makusudi kwa kazi hiyo. Kuku wetu wa kienyeji wamechanganyika, kwa hiyo njia hiyo haifai kwao.

Zipo imani nyingine pia. Wengine husema yai lenye ncha kali hutoa jogoo na la mviringo hutoa jike. Wengine humning'iniza kifaranga kwa miguu watazame kama atainua kichwa. Nawaheshimu wazee wetu, lakini hayo hayaoneshi jinsia. Umbo la yai hutegemea mwili wa kuku aliyelitaga. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: kwa kuku, mbegu ya jike ndiyo inayoamua kifaranga awe dume au jike. Kwa binadamu ni kinyume, mbegu ya baba ndiyo inayoamua. (Akina baba mnaowalaumu wake zenu kwa kuzaa wasichana watupu, mmesikia?) Kwa hiyo ukiatamisha mayai, tegemea nusu majogoo na nusu majike. Mara moja moja watazidi huku au kule, lakini ukihesabu vifaranga wengi, ni nusu kwa nusu.

ANAANZA KUWIKA LINI?

Majogoo wengi huanza kujaribu kati ya wiki ya 12 na wiki ya 20, yaani miezi mitatu hadi mitano. Wachache huanza mapema, hata wiki ya 8. Wengine huchelewa zaidi ya miezi mitano, hasa kuku wa kienyeji waliokua katika ukame na kula kidogo. Sauti ya kwanza haifanani na kuwika. Ni fupi, imekwaruza, inakatika katikati. Ni kama kijana wa kiume anayevunja sauti, na sababu ni ile ile: mwili umeanza kutoa homoni ya kiume. Baada ya wiki kadhaa sauti hunyooka.

Lakini kuwika si kipimo cha kutegemea, kwa sababu mbili.

Kwanza, jogoo mchanga anaweza kunyamaza kwa hofu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionesha kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake. Hata akiwekwa mahali penye mwanga hafifu usiobadilika, bado hujua wakati wa alfajiri na kuwika. Mwaka 2015 wakaonesha kwamba majogoo wakiwa pamoja, yule mkubwa wa cheo huwika kwanza, na wengine humfuata kwa zamu ya vyeo vyao. Wazee wetu wanaohesabu jogoo la kwanza na jogoo la pili watasema hilo si geni! Kwa hiyo kama boma lina jogoo mkubwa mkali, wale wachanga wanaweza kukaa kimya kwa muda. Siku ukiuza yule mkubwa, ghafla "jike" lako linawika. Halikugeuka. Lilikuwa jogoo tangu mwanzo.

Pili, mara chache sana, jike naye huwika. Kuku jike hutumia kifuko kimoja tu cha mayai, cha upande wa kushoto. Kikiharibika kwa ugonjwa au uzee, homoni za kike hupungua, na jike huacha kutaga, hukuza kilemba, pengine huwika. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa mkosi. Si mkosi wala si uchawi, ni ugonjwa wa kuku. Kama hatagi tena, kikundi kiamue la kufanya naye, lakini asituhumiwe jirani yeyote.

Zaidi ya hayo, ukingoja kuwika umechelewa. Tayari umemlisha miezi minne au mitano.

MAHALI PA KUTAZAMA

Wakamate jioni, wakishatulia kulala, mmoja mmoja, kwa tochi. Linganisha kuku wa umri mmoja na wa mama mmoja, maana ukilinganisha wa miezi miwili na wa miezi minne utadanganyika. Tazama sehemu nne.

1. Kichwa. Kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, angalia kilemba, yaani ile nyama ya juu ya kichwa, na ndevu, zile nyama mbili chini ya mdomo. Kwa jogoo huanza kukua na kuwa nyekundu. Kwa jike hubaki ndogo na yenye rangi ya waridi iliyofifia au ya njano. Lakini jihadhari na kuku wa jamii ya kuchi, wanaojulikana sana Pwani. Kilemba chao ni kidogo hata kwa majogoo.

2. Miguu. Jogoo ana miguu minene na mirefu kuliko dada zake. Nyuma ya mguu kuna kidoto kitakachokuwa mwiba wa jogoo, ambao wengine huuita kipi. Usikitegemee peke yake, kwa sababu hata majike huwa na kidoto, na wakizeeka baadhi yao huota mwiba.

3. Manyoya ya mgongoni, karibu na mkia. Hapa ndipo penye jibu la hakika. Kuanzia kama wiki ya 12, laza kuku kwenye mkono wako, upitishe vidole juu ya kiuno chake. Manyoya ya jogoo huwa membamba, marefu, yanayong'aa, na ncha yake ni kali kama ya mkuki. Manyoya ya jike huwa mapana na ncha yake ni ya mviringo kama kijiko. Shingoni ni vivyo hivyo. Kwa kuku wa shingo tupu, ambao wanavumilia joto letu vizuri, shingo haina la kukuambia. Nenda moja kwa moja kiunoni.

4. Mkia. Baadaye mkia wa jogoo huota manyoya marefu yaliyopinda kama mundu. Ukiyaona hayo, huhitaji tena kuuliza mtu.

Tabia nazo husaidia kidogo. Jogoo mchanga husimama wima, kifua mbele, na akishtuka hutoa sauti ya kuonya badala ya kuchutama. Lakini vifaranga wote, dume na jike, hucheza kupigana, kwa hiyo vita si ushahidi.

Onyo moja. Jike anapokaribia kutaga, kwa kienyeji ni kama mwezi wa sita au wa saba, kilemba chake nacho huwa chekundu. Usikimbilie kumuuza ukidhani ni jogoo. Tazama manyoya ya kiuno. Tena ukimgusa mgongo akachutama na kutandaza mabawa kidogo, huyo ni jike na mayai yako njiani.

Unayemshuku mfunge uzi wa rangi mguuni, usikaze. Mrudie baada ya wiki mbili, na uzi ulegezwe kadiri mguu unavyokua. Karani aandike katika daftari: kuku wangapi, umri gani, wangapi wa uzi. Kazi ya jioni moja tu.

MKIENDA KUNUNUA

Kama shabaha ni mayai, msinunue kuku wa kienyeji wa chini ya miezi mitatu kwa neno la muuzaji peke yake. Muuzaji naye mara nyingi hajui. Nunueni walio na miezi mitatu au zaidi, na inueni manyoya ya kiuno wa kila mmoja kabla pesa haijatoka mkononi. Watumwe watu wawili au watatu, waandike idadi ya majike na majogoo palepale, na wote watie sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo ndogo ingemwokoa mweka hazina wetu na machozi.

Vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, kama wale waliotokana na utafiti wa KALRO kule Naivasha, mara nyingi huuzwa wakiwa wamechanganyika. Ulizeni mapema, mpange mkijua kwamba nusu watakuwa majogoo.

UKISHAWAJUA, UFANYE NINI?

Hapa ndipo kuna faida. Jogoo mmoja anatosha majike 10 hivi. Wanaozidi wanakula, wanapigana, na wanawachubua majike mgongo. Tupige hesabu. Kuku mzima anayelishwa bila kujitafutia hula gramu 100 hadi 120 kwa siku. Majogoo 6 wasiohitajika, kwa gramu 100 kila mmoja, ni gramu 600 kwa siku. Kwa siku 60 ni kilo 36. Hiyo ni karibu nusu ya gunia la kilo 90! Ni kweli kwamba wetu huzunguka wakijitafutia wadudu na mbegu, lakini wakati wa kiangazi mnajua wenyewe kinachobaki chini ni nini. Mtama huo ungelishwa majike, au watoto wa nyumbani.

Basi fanyeni hivi:

(a) Chagueni mmoja wa mbegu. Asiwe mkubwa tu. Awe mchangamfu, miguu imenyooka, na mama yake awe mtagaji mzuri na mleaji mzuri.

(b) Asipande mama yake na dada zake. Wafugaji wa mbuzi mnajua madhara ya damu moja: vifaranga dhaifu na mayai yasiyoanguliwa. Vikundi vya Lodwar na vya Kakuma vinaweza kubadilishana majogoo kila mwaka. Barabara ni kama kilomita 120. Wasafirishwe usiku au alfajiri, ndani ya kikapu kinachopitisha hewa. Mgeni akifika akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa, ili asilete kideri, ule ugonjwa wa Newcastle unaomaliza boma zima. Muulizeni afisa wa mifugo habari za chanjo yake.

(c) Waliobaki wauzwe au waliwe wakiwa na miezi minne hadi sita, kadiri uzito unavyoruhusu. Pangeni wakati kwa sikukuu: Krismasi, Pasaka, na Idi pia. Kakuma ina wanunuzi wa kila namna tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, na Kalobeyei nayo tangu mwaka 2016: watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko, pamoja na wenyeji. Wanunuzi Waislamu wauzieni jogoo akiwa hai, wachinje wao kwa utaratibu wao. Hiyo ni heshima na ni biashara pia.

(d) Wa mayai ya kuuza wasiwe na jogoo kabisa. Nikisema hivi watu hushtuka. Wengi wanaamini kuku hatagi bila jogoo. Anataga! Jogoo anahitajika kwa vifaranga tu. Tena kwa joto letu kuna faida kubwa. Yai lenye mbegu ya jogoo likikaa mahali pa nyuzi zaidi ya 21 hivi, uhai ndani yake unaweza kuanza kukua kidogo kidogo, kisha unakufa, na yai linaharibika upesi. Nyumba zetu nyingi zina joto la zaidi ya nyuzi 30 mchana. Yai lisilo na mbegu halina uhai wa kuanza kukua, hivyo hudumu zaidi, ingawa nalo litunzwe kivulini na kuuzwa mapema. Mkitaka kuatamisha, azimeni jogoo. Jike akishapandwa, mayai yake huendelea kuwa na mbegu kwa siku 10 hadi 14. Na mkitenga jike na jogoo, ngojeni wiki tatu ndipo mseme mayai hayana mbegu.

Kivuli na maji safi ni lazima kwa wote. Jogoo aliyechoshwa na joto, anayehema mdomo wazi mchana kutwa, hupungukiwa na nguvu ya kupanda, na mayai mengi hayataanguliwa.

MWISHO WA KISA

Wale akina mama hawakuvunja chama, kwa neema ya Mungu. Walimweka jogoo mmoja kwa ajili ya vifaranga, katika boma dogo la pembeni. Waliwalisha wengine 11 mpaka Desemba, wakawauza wakati wa Krismasi. Pesa hiyo iliwanunulia majike wengine. Safari hii kikundi kilimtuma tena mweka hazina yule yule. Alikaa sokoni muda mrefu, akimlaza kila kuku mkononi na kuinua manyoya, mpaka wauzaji wakanung'unika. Hakurudi na jogoo hata mmoja. Katika kikao, mama aliyekuwa amesema maneno makali zaidi alisimama akamwomba msamaha.

Petro alimsikia jogoo akiwika ndipo akakumbuka kosa lake, akalia. Sisi tusingoje mpaka jogoo awike ndipo tujue tulipokosea. Kabla ya kumwita mwenzetu mwizi, tutazame kwanza kama tatizo ni kutojua. Kutojua kuna dawa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuku wetu leo ni wangapi, na majogoo ni wangapi? Tunahitaji wangapi?

2. Shabaha yetu ni mayai ya kuuza, vifaranga, au nyama? Je, majogoo tulio nao wanalingana na shabaha hiyo?

3. Jogoo wetu wa mbegu ametoka wapi? Ni mtoto wa majike hawa hawa?

4. Tukinunua kitu cha kikundi, nani hukagua, na nani huandika?

5. Je, yupo mwanachama tuliyewahi kumtuhumu kwa jambo ambalo lilikuwa kutojua kwetu sote? Tufanye nini ili turudishe amani?

Jioni ya leo chukueni tochi, mkawatazame kuku wenu. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.